Kadi Mpya ya Mzee wa Malori

Ngazi za jengo lile zilikuwa arobaini na mbili. Mama Bisibisi hakuwa mtu wa kupenda hesabu, ila magoti yake yalizihesabu yenyewe kila asubuhi. Akifika ya thelathini alisimama, akapekua mkoba kama anayetafuta ufunguo, ili wanaoshuka wasimuulize kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa amechoka tu, na uchovu wenyewe haukuwa wa jana wala juzi.

Duka lake lilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kimoja kilichobanwa kati ya daktari wa meno na fundi cherehani wa sare. Huyo fundi cherehani ndiye aliyempa jina, siku alipomkuta amefunga nywele fundo na kulishikiza kwa bisibisi baada ya kukosa kibanio. Jina likadakwa na jengo zima, halafu na mtaa, mpaka wateja wakasahau kwamba aliwahi kuwa na jingine. Miaka ishirini na mbili ya kufungua kompyuta za watu ilimwachia macho yanayowasha, alama za kuungua kwenye vidole, na vumbi ambalo hata akioga vipi alilisikia kooni.

"Umekuwa kama tambara la deki," dada yake mkubwa, aliyeishi naye, alimwambia asubuhi moja kwenye chai. "Kutwa unafuta uchafu wa watu, jioni unaanikwa, asubuhi unachovywa tena."

"Haya, nikae nyumbani tutazamane usoni, dada. Utaniweza?"

"Sitakuweza. Nenda."

Basi akaenda. Ilikuwa Jumatano, na hata kabla hajawasha taa, mlangoni akatokea mlinzi wa jengo, anahema, amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa kwa shuka. Nyuma yake alikuja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho yamevimba kama mtu aliyelala akilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo, mlinzi, taratibu, usije ukanivunjia meza. Na huyu mgonjwa wa shukani kapatwa na nini?"

Shuka lilipofunguliwa Mama Bisibisi aliitambua kompyuta mara moja, maana aliiunda kwa mikono yake mwenyewe miaka tisa iliyopita. Ilikuwa ya baba yake huyo binti, mtu aliyejulikana kama Mzee wa Malori.

Mzee aliendesha malori ya masafa marefu miaka thelathini na moja, mpaka siku kiharusi kilipomwangusha bafuni. Alipona, lakini mguu wa kushoto ulibaki kama si wake. Leseni ikachukuliwa. Akalala kitandani akitazama ukuta, hataki kula, hataki wageni. Ndipo bintiye alipokuja kwa Mama Bisibisi kumwomba kitu, chochote, cha kumtoa baba yake kitandani. Mama Bisibisi alifikiri siku mbili. Akaunda kompyuta, akaweka gemu la kuendesha malori, akaufunga usukani kwenye ukingo wa meza ya kulia chakula kwa bolti mbili, na chini akaweka pedali za mguu wa kulia peke yake. Mzee alikaa pale kwa dharau dakika tano. Baada ya wiki alikuwa anaamka saa kumi na mbili, ananyoa ndevu, anavaa shati lake la zamani lenye mifuko miwili, anatoka chumbani kwenda sebuleni, na akiulizwa anajibu kwamba anakwenda kazini.

"Sasa nini?" Mama Bisibisi aliuliza. "Usukani umelegea?"

"Afadhali ingekuwa usukani," binti alisema, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Ni nyumba nzima imelegea."

Akamsimulia. Gemu lilikuwa limetoka jipya, lenye miji mikubwa na magari mengi, na kompyuta ikaanza kuzidiwa nalo. Picha zilikuwa na ukungu. Mume wake, ambaye ni mwoka mikate, akaamua kumpa baba mkwe zawadi siku anatimiza miaka sabini: kadi ya picha, mpya kabisa, kubwa kama tofali. Alijibana miezi, akaenda kuinunua duka la maana, akaifunga mwenyewe. Mzee alifurahi mpaka akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu harusi. Kwa miaka sita alimwita "yule wa mikate" na hakumwita jina jingine.

Furaha haikufika jioni. Kwenye barabara za porini picha ilikuwa safi, unaona mpaka majani. Lakini Mzee alipoingiza lori mjini, likaanza kukwama. Linasimama, linaruka, linasimama. Usukani anaukata sasa, lori linakata baadaye. Akahisi kichefuchefu. Akajaribu siku ya pili, ya tatu, hali ni ile ile. Na gemu hilo mzigo unashushwa mjini, siyo porini, kwa hiyo Mzee akawa anayaacha malori yake nje ya mji, yamejaa mzigo, anazima kompyuta na kurudi kulala.

"Siku ya nne mume wangu alikuja kula kwa baba," binti alisema. "Baba akamwambia mbele ya watu, kadi yako ni feki. Umeniletea takataka imefungwa karatasi ya zawadi. Mume wangu aliweka kijiko chini, akaaga, akaondoka. Leo wiki ya tatu hajakanyaga kwa baba. Nikiwa kwa baba namtetea mume, nikiwa kwa mume namtetea baba. Nimechoka, mama."

"Tuko wengi," alisema Mama Bisibisi. "Niachie. Nitaipima."

Aliipima mchana, baada ya kumalizana na mashine mbili za zahanati. Kwanza aliichomoa kadi, akaigeuza huku na huku chini ya taa, akasoma namba zake, akazilinganisha. Haikuwa na dalili ya ujanja. Akaichomeka kwenye mashine yake ya kupimia, ambayo prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya juzijuzi, akafungua gemu lile lile, akaingiza lori katikati ya mji wenye bandari. Lori likateleza kama linakwenda juu ya mafuta. Magari yalijaa kila upande, na picha haikutikisika.

Akairudisha kadi kwenye kompyuta ya Mzee. Akaweka pembeni ya skrini zile namba zinazoonyesha nani anafanya kazi na nani amekaa. Porini, mambo shwari. Alipofika mjini, viini vinne vya prosesa vilipanda vyote mpaka mwisho, vikabaki huko huko vinahema, na kadi ya picha ikashuka ikawa inafanya kazi asilimia arobaini na kitu, haijafika hata nusu ya nguvu zake. Akajaribu jambo jingine: akaongeza ubora wa picha mpaka juu kabisa. Kasi haikupungua hata kidogo. Maana yake kadi ilikuwa na nguvu za akiba haina pa kuzitumia. Iliyozidiwa ni prosesa ya miaka tisa.

Akampigia binti simu.

"Kadi ni halali na ni nzima. Mume wako hakudanganywa na hakumdanganya mtu. Tatizo ni prosesa, imezeeka, haiwezi kuilisha kadi hiyo kazi."

Binti alishusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Maana yeye alikuwa anasema, kabla sijanunua nilimuuliza fundi, fundi akasema sawa. Ila hataki kusema ni fundi gani. Nimembana mpaka basi. Anasema mtu ana kazi yake, hawezi kumharibia jina."

Mama Bisibisi aliishusha simu sikioni, akaitazama.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Jumamosi nitaileta mwenyewe."

Alikata simu akakaa. Alikumbuka. Alikuwa amelala chali chini ya meza ya ofisi fulani, anavuta nyaya kwenye giza, simu ameibana kwa bega, vumbi linamwingia machoni. Sauti ya mwanamume mpole, yenye haya, ilimtajia kadi ya picha na kompyuta ya baba mkwe wake, Mzee wa Malori, na ikauliza: itafaa? Yeye akasikia: itakaa? Akaliona kwa macho ya kumbukumbu lile boksi pana aliloliunda, lina nafasi, lina pawa saplai ya kulisha umeme wa kutosha. Akajibu, "Itakaa, baba, itakaa bila shida," akakata, akarudi kwenye nyaya. Hakujiuliza kompyuta hiyo ina miaka mingapi, ingawa aliijua. Hakuuliza ni gemu gani. Siku nyingine, miaka mingine, angeuliza maswali kumi. Siku ile alichotaka ni simu ikatike.

Siku mbili alibishana na nafsi yake. Hakuna aliyemtaja. Kadi imeshaonekana ni nzima, mkwe amesafishika, yatosha. Kwa nini ajitie kitanzi mwenyewe, na riziki yake ni jina lake? Kunyamaza hakuhitaji nguvu, na nguvu ndicho kitu alichopungukiwa kuliko vyote. Ijumaa alimwambia dada yake habari nzima. Dada yake alimtazama muda, akasema tu, "Wewe huwezi kulala na jambo. Nakujua," akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi baada ya adhuhuri alifika kwa Mzee, kompyuta imebebwa na dereva wa teksi. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na sebule ndefu. Usukani ulikuwa bado umefungwa mezani, umefunikwa taulo. Mzee alikaa kwenye kiti chenye mikono, mguu wa kushoto ameupandisha kwenye kigoda. Ndevu hazijanyolewa. Shati halikuwa lile la kazini.

"Mama Bisibisi," alisema. "Umekuja kunithibitishia kwamba nimepigwa."

"Hujapigwa, Mzee. Kadi ni nzima."

"Nzima? Mbona inakwama?"

Aliketi, maana magoti yalikuwa yanadai. "Ulipokuwa unapakia mzigo bandarini, nani alikuwa anakupa hati?"

"Karani wa ghala."

"Sasa chukulia umeletewa lori jipya, injini kubwa, linakimbia kama upepo. Lakini karani ni yule yule mzee, anaandika hati moja moja kwa kalamu, anatafuta miwani, anaanza upya. Lori lako litafanya nini?"

"Litasimama getini."

"Basi kadi ya picha ndiyo lori, kazi yake kuchora. Prosesa ndiyo karani. Kila gari unaloliona mjini, karani ndiye anayepanga liko wapi, linakwenda wapi, litasimama saa ngapi. Porini magari ni mawili, hati chache, mnakwenda. Mjini ni mia. Karani anazidiwa, kadi inamsubiri."

Mzee alitafuna maneno hayo. Bintiye, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, aliweka sinia chini taratibu kama aliyepona homa. Lakini uso wa Mzee haukufunguka.

"Kwa hiyo," alisema, "amenunua lori bila kuuliza karani ni nani. Ndiyo yale yale niliyosema. Mtu wa pupa. Mtu mzima unanunua kitu hivyo, hata huulizi?"

"Baba..." binti alianza.

"Nimesema uongo? Angeuliza fundi, tungefika hapa?"

Mama Bisibisi aliitazama chai. Alijua kwamba akiinywa sasa, na akaitika tu kwa kichwa, atakuwa nje baada ya nusu saa. Akapiga moyo konde.

"Aliuliza," alisema.

"Alimuuliza nani?"

"Mimi. Alinipigia kabla hajanunua. Nilikuwa chini ya meza ya watu, nimechoka, nikamsikia nusu. Yeye ameuliza kama itafaa. Mimi nimemjibu kwamba itakaa. Kweli imekaa, lakini hilo silo alilouliza. Kama ningemsikiliza dakika mbili ningemwambia abadilishe prosesa kwanza. Kosa ni langu. Na amenisitiri wiki tatu hizi, hakunitaja hata kwa mke wake."

Binti aliziba mdomo kwa kiganja. Mzee aliushika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, akaushusha kutoka kigodani kama anayeshusha mzigo, akauweka sakafuni. Mama Bisibisi alingoja matusi. Alikuwa tayari kuyapokea. Hata nguvu za kukasirika hakuwa nazo.

"Ulikuwa umechoka," Mzee alisema.

"Ndiyo."

"Umechoka sana?"

"Sana, Mzee."

Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Mwaka wa kumi na nne wa kazi yangu, niliendesha siku mbili bila kulala. Lori likaingia mtaroni na saruji yote. Sikuumia. Bosi akaniuliza kimetokea nini, nikasema breki. Nilikuwa nimesinzia, lakini nikasema breki. Fundi wa gereji akafukuzwa siku ile ile. Alikuwa na watoto wadogo. Nilimwona anabeba boksi lake la spana anatoka getini, na mdomo wangu haukufunguka."

Binti alimtazama baba yake kama anamwona mara ya kwanza.

"Hujawahi kuniambia hilo, baba."

"Ningekuambia nini?" Akajipangusa uso kwa lile taulo la usukani. "Nipe simu."

Simu iliita muda mrefu kabla ya kupokelewa. Mzee hakuomba radhi kwa maneno yanayotambulika. Hakuwa amejifunza hayo maneno, na miaka sabini ni kuchelewa kuanza. Alisema, "Kadi yako ni nzima." Akasikiliza. Akasema, "Mama Bisibisi yupo hapa, ameshasema yote." Akasikiliza tena. "Njoo basi, mwanangu. Njoo uone picha."

Binti alikimbilia jikoni, na huko bomba likafunguliwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wakati wakimsubiri, Mama Bisibisi aliiunganisha kompyuta mezani na kuanza kuirekebisha kwa kadiri ilivyowezekana. Magari ya mjini aliyapunguza nusu, ili karani apate kupumua. Umbali wa kuona akaufupisha kidogo. Ubora wa picha, kwa kuwa kadi ilikuwa na akiba, akaupandisha. Kasi akaifunga mahali pamoja, isipande wala kushuka, kwa sababu kinachochefua siyo upole wa picha bali kule kurukaruka.

"Vioo vya pembeni navyo vinakula," alisema. "Nikizima kimoja..."

"Vioo usiguse!" Mzee alifoka. "Dereva gani anaendesha bila kioo? Unataka niue mtu?"

"Ni gemu, Mzee."

"Hata kama."

Vioo vikabaki. Mwoka mikate alifika amevaa viatu vyenye unga, akasalimia kwa adabu zake zote, akakaa mbali. Alipomtazama Mama Bisibisi aliinamisha kichwa kwa aibu, utadhani mwenye kosa ni yeye. Mama Bisibisi alimwambia mbele ya wote, "Nisamehe, mwanangu," naye akajibu haraka haraka, "Yamekwisha, mama, yamekwisha." Mzee alijaribu kuingia mjini. Lori lilikwama mara mbili tatu, si kama mwanzo. Akafika nusu ya mji, akasimamisha lori kwenye kituo cha mafuta. "Inavumilika," alisema, na kwa Mzee hiyo ilikuwa sifa.

Haikuishia hapo. Ile bodi ya miaka tisa, ubao wa ndani unaobeba prosesa, ilikuwa inakubali prosesa nyingine ya kizazi kile kile yenye viini vingi zaidi, isipokuwa hazitengenezwi tena. Mama Bisibisi aliitafuta wiki tatu kwenye mashine zilizotupwa. Aliipata kwa wahasibu wa ghorofa ya kwanza, waliokuwa wanahama na kuacha kompyuta zao kwenye korido. Hakulala vizuri usiku aliposubiri kujua kama bado inafanya kazi. Ilifanya. Haikuiamsha kadi yote. Aliwaambia wazi kwamba robo ya nguvu zake bado itakuwa imekaa bure, na kwamba anayetaka yote lazima abadilishe bodi na kila kilicho juu yake. Mzee akasema hataki yote, anataka kushusha mzigo.

Jumamosi baada ya prosesa kufungwa, walikuwa wote wanne sebuleni kwa Mzee. Mzee alikuwa amenyoa, na shati lenye mifuko miwili lilikuwa limepigwa pasi. Mwoka mikate alikaa kulia kwake na kusoma ramani kwa sauti, wakibishana kuhusu njia. Lori liliingia mjini kati ya magari, likapita daraja, likashika barabara ya bandarini. Halikukwama. Mama Bisibisi alisema ataangalia dakika tano tu ajiridhishe na joto la prosesa, kisha aende, ana mashine nne zinamsubiri. Alikaa kwenye kiti chenye mikono, mkoba mapajani. Mlio wa injini ulikuwa mzito na wa namna moja.

Binti alipokuja kukusanya vikombe alimkuta amelala, kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi kidogo.

"Nimwamshe?" alinong'ona. "Alisema ana kazi."

"Mwache," alisema Mzee, akapunguza sauti ya lori mpaka ikawa mvumo tu. Akachukua mwendo wa pole, na kwenye matuta akashika breki mapema sana, kama afanyavyo dereva mwenye mtu aliyelala ndani ya kebini.